Uso Unaocheka

Jumapili, 29 Septemba 2024. Kahororo

Dada Kokugonza kanipigia simu kutoka Muleba baada ya misa. Paroko amekubali. Yeye na Rwekaza watafunga ndoa Jumamosi ya mwisho kabla ya Majilio. Wameishi pamoja tangu mwaka sabini na saba, wana watoto na wajukuu, na leo ndipo wanakuwa wachumba. Nimelia kidogo, nikajifuta.

Mambo haya si madogo. Rwekaza alifunga ndoa kanisani akiwa kijana, mwanamke akamwacha akavuka kwenda Uganda, na Kanisa halikumruhusu kuoa tena mpaka huyo mama alipofariki mwaka jana. Miaka yote hiyo dada yangu amekwenda misa kila Jumapili, amekaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, na wenzake wakiinuka kwenda kukomunika yeye hubaki kuwashikia mikoba.

Kisha akaniambia la pili, machozi yangu yakakauka palepale.

"Dati, nataka kupambwa. Usoni. Kama bibi harusi."

Ana miaka sitini na tisa. Nikamwambia tutazungumza.

Jumatatu, 30 Septemba

Nililala na hasira, nimeamka nazo. Watu wa kule watamcheka. Nawajua.

Jumatano, 2 Oktoba

Mvua ya kwanza ya maana. Nimepanda maharage nyuma ya nyumba.

Jumamosi, 5 Oktoba

Dada kaja na basi la asubuhi, nimempeleka kwa Joyness. Huyu binti ana saluni ndogo nyuma ya soko, na ukutani amebandika picha za mabibi harusi wa Bukoba nzima, wote wana uso mmoja. Mimi sijawahi kupaka kitu usoni zaidi ya mafuta ya mgando, na nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu bila mtoto hata mmoja kushindwa kunitambua.

"Shikamooni. Karibuni. Bibi harusi anakuja?"

"Ameshakuja," dada akasema, akaketi kwenye kiti.

Joyness akaniangalia nimweleze. Mimi nikaangalia dari.

Akamuuliza anataka aonekane vipi. Dada akajibu pale pale, nadhani jibu alilitengeneza ndani ya basi. "Sitaki unirudishe usichana, mwanangu. Huko nilishapita na sikuona kikubwa. Nataka nionekane mimi, ila niwe nimelala vizuri."

Lilikuwa ombi zuri, na Joyness hakulisikia. Alimpaka fondesheni nzito kama anayesiriba ukuta, akamwaga poda juu yake, akamwekea kope za bandia na vimetameta kwenye vigubiko vya macho. Alipomaliza, kwa dakika chache dada yangu alifanana na zile picha za ukutani. Hata mimi nilisogea kumtazama vizuri.

Ndipo dada akacheka. Yeye hucheka kuanzia mabegani, uso mzima ukajikunja, na poda ikapasuka. Kila mkunjo wa macho na mdomo ukajichora mweupe. Mikunjo ambayo sikuwahi kuiona kwa miaka yote niliiona leo.

"Mama, ukijizuia kucheka kidogo, itakaa," Joyness akasema.

"Nijizuie mpaka lini?"

"Mpaka sherehe iishe jioni."

"Basi hiyo sherehe si yangu," dada akasema, lakini kwa upole. Nilitaka anawe. Akakataa. Basi lilikuwa linaondoka, naye alitaka Rwekaza amwone.

Jumapili, 6 Oktoba

Amenipigia. Alipofika nyumbani jana, Rwekaza alikuwa ameketi barazani. Akainuka, akamkaribisha kwa heshima zote, akamwambia, "Karibu, mgeni. Mwenyewe amekwenda Bukoba, atarudi jioni. Msubiri."

Rwekaza ni mtu wa utani tangu namjua. Dada naye ni mtu wa kucheka. Jana hakucheka. Aliingia ndani, akanawa kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikamwasha.

"Nitavaa kitenge changu cha Pasaka," ananiambia. "Nitapitia mlango wa pembeni, pale wanapoingilia wanakwaya. Nifunge ndoa, nirudi nyumbani nipike. Nilitaka kupita katikati, Dati. Miaka yote nimekaa nyuma, nilitaka siku moja nipite katikati na wanione. Lakini si kwa uso ule."

Nilipaswa kufurahi, maana ndicho nilichotaka tangu mwanzo. Sikufurahi hata kidogo.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimekwenda Muleba kumgombeza Rwekaza. Nimemkuta kibanjani anapogoa migomba, nikamwambia yote niliyokuwa nayo. Alisimama na kisu chake ananisikiliza, mvua ya manyunyu inatulowesha wote wawili.

"Shemeji, nilitania."

"Utani gani huo kwa mwanamke aliyekuvumilia miaka yote hii?"

Akafutia kisu kwenye jani la mgomba, akasema, "Nilitania kwa kuwa nilishtuka. Mimi nikirudi nyumbani namwangalia usoni kwanza. Najua siku imekuwa nzuri au mbaya, najua kama kuna mgonjwa, najua kama chakula kimeungua. Jumamosi nilimwangalia sikuona kitu. Palikuwa pamezibwa."

Nilikwenda pale na maneno mengi, nikarudi nayo nusu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimekwenda kwa Joyness peke yangu na nikamweleza aliyoyasema Rwekaza, neno kwa neno. Nilitegemea ajitetee. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, akatazama picha zake ukutani.

"Mwalimu, mabibi harusi wangu wote ni wa umri wa binti zenu. Ngozi zao hata ukipaka chokaa inakaa. Ngozi ya mama yule sikuijua. Niliifunika tu."

Sijawasikia wengi, wakubwa kwa wadogo, wakisema "sikuijua" bila kuongeza sababu. Nikamheshimu tangu hapo.

"Nahitaji uso wa kujifunzia," akasema. Akaniangalia. "Una miaka mingapi, Mwalimu?"

"Sitini na mbili. Kwa nini?"

"Kaa."

Jumamosi, 19 Oktoba

Mvua kutwa. Nimepakwa na kufutwa mara tatu. Nimetoka uso umekuwa mwekundu, nimejifunika mtandio mpaka nyumbani.

Jumatano, 23 Oktoba

Kwa Joyness tena. Leo ameanza kwa kitambaa cha uvuguvugu, kisha mafuta kidogo, kisha akaniacha nikae tu. Nikamuuliza tunangoja nini. "Ngozi inywe," akasema. "Ya kwako ina kiu. Ukiipaka fondesheni ikiwa na kiu, itainywa hiyo fondesheni na kuacha unga juu." Alikuwa amejaribu kwa mama yake, huko Buhembe, usiku mzima wa jana, na mama yake amechoka naye.

Kisha akanitoa mlangoni, kwenye mwanga wa mchana, akanijaribia rangi kwenye taya. Anasema taa ya saluni ni mwongo. Watu wa sokoni wanapita, mimi nimesimama na mistari mitatu tayani. Nilijifanya namsubiri mtu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nataka kuandika hili vizuri. Leo Joyness alipaka fondesheni kidogo sana, na hakuisugua, aliigongagonga kwa sponji yenye unyevu, tena pale tu penye madoa. Mahali pengine aliacha ngozi yangu iwe ngozi. Poda aliigusisha puani na katikati ya paji la uso, basi. Chini ya macho hakuthubutu. "Huko ndiko unakochekea," akasema. Vimetameta havikutoka hata kwenye mkoba. Nyusi zangu, ambazo zimepungua na nilikuwa nimezisahau, alizijaza kwa wanja wa kahawia, unywele mmoja mmoja. Midomo aliizungushia penseli kwanza ili rangi isitiririke kwenye mikunjo. Rangi ya mashavu aliiweka juu kuliko nilivyodhani, karibu na mfupa, kwa sababu, anasema, mashavu yetu yameshuka lakini mfupa uko palepale.

Kilichobaki ni jaribio la kucheka. Mimi sichekeshwi ovyo. Alinisimulia vichekesho vyake vyote nikamtazama tu. Ndipo akachukua brashi ndefu, akasimama mbele ya kioo, akaniiga ninavyoongea: "Wewe wa nyuma, unatafuna nini?" Sijui kaniona wapi nikifundisha. Nilicheka mpaka nikashika meza.

Akainama kunikagua kwa karibu. Hakuna kilichopasuka. Akapiga kofi moja dogo peke yake, akafumba macho. Sura yake pale ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kubandika ukutani.

Nimepanda mlima kurudi Kahororo bila kunawa. Mama Lameki, jirani yangu, kanisimamisha getini.

"Mwalimu, umepona?"

"Sikuwa mgonjwa."

"Aa," akasema, akaendelea kuniangalia.

Jumapili, 3 Novemba

Tangazo la ndoa limesomwa kwa mara ya kwanza kule parokiani. Dada anasema kuna waliogeuka kumtazama nyuma. Mmoja kamuuliza kama atavaa shela na meno ya bandia. Bado anasema mlango wa pembeni.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimembembeleza wiki nzima, amekuja. Alikaa kwenye kiti cha Joyness amefunga mikono, na alifumba macho tangu mwanzo mpaka mwisho. Mvua ilipiga bati. Joyness alifanya kila kitu polepole, na alipomaliza akaweka kioo mapajani kwa dada, akasogea pembeni.

Dada alifumbua macho. Akajitazama. Akageuza shavu hili, akageuza lile. Akatabasamu, akasubiri kama anasikilizia kitu kipasuke. Akacheka kidogo, kisha akacheka sana.

"Dati, njoo uone huyu."

"Nimemwona."

"Nani?"

"Ni wewe. Umelala vizuri."

Akamshika Joyness mkono, akamshukuru kwa Kihaya, "Wakola, mwanangu," na kwa muda hakuuachia ule mkono. Lakini kabla ya kupanda basi alinawa. Rwekaza haoni mpaka siku yenyewe. Na mlango je? "Nitaamua nikishafika. Sitaki kuahidi kitu halafu miguu inikatalie."

Zamani ningesema huo ni woga. Leo naona mtu aliyekaa pembeni maisha yake yote, na bado amepanda basi kwenye mvua kuja kujaribu tena.

Jumamosi, 16 Novemba. Muleba

Senene wameshuka. Asubuhi nyasi zote za rweya, uwanda ule wa malisho, zilikuwa zinatembea. Dada katoka na kikapu kabla sijavaa viatu, na kufika saa tatu alikuwa amekijaza. Kila mwaka humkusanyia Rwekaza. Ndivyo mama zetu walivyofanya: mke analeta senene, mume analeta nguo. Rwekaza alipokea kikapu, akaingia chumbani, akatoka na mfuko. Ndani lilikuwa gauni la rangi ya maziwa, lenye mikono mirefu.

"Senene wa mwaka huu ni wengi," akasema, "nimeona nguo nayo iwe ndefu."

Dada aliliweka gauni magotini, akawa anawanyonyoa senene huku analitazama. Halafu akawakaanga, akala wengi mbele ya Rwekaza, jambo ambalo bibi zetu hawakuruhusiwa. Rwekaza akahesabu hasara kwa sauti.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua. Mvua. Maharage yangu yameoza.

Ijumaa, 29 Novemba. Muleba

Dada ametolewa nyumbani kwake kama bibi harusi yeyote, leo analala kwa ishenkazi yetu Theopista, dada wa marehemu baba, kizee ambaye masikio yamechoka lakini kichwa hakijachoka. Jioni ishenkazi kaniita jikoni. Alikuwa ameandaa chungu kidogo cha samli, ameifukiza kwa majani yenye harufu nzuri, kama ilivyopakwa kwa mabibi harusi wa Kihaya enzi zao. Dada hakupakwa. Mwaka ule wa sabini na saba alikwenda kwa Rwekaza bila sherehe, kwa kuwa hapakuwa na ndoa ya kusherehekea.

"Alfajiri tumpake?" ishenkazi akaniuliza.

Nikasema ndiyo. Sikufikiri mara mbili. Nilitaka mno apate kile alichokosa.

Jumamosi, 30 Novemba. Muleba

Tumeingia chumbani alfajiri. Ishenkazi alianzia miguuni, mimi mikononi, tukamalizia shingoni na usoni. Dada alikaa kwenye mkeka kama mtoto mchanga anayepakwa mafuta, na machozi yalimtoka bila sauti. Chumba kizima kilinukia. Ishenkazi alimwimbia kwa Kihaya kwa sauti iliyokatikakatika, na mimi, mwalimu mzima, nilisahau kabisa kwamba Joyness alinisisitizia kwenye simu: asipakwe chochote, nitakuja kumpaka mwenyewe.

Joyness alichelewa. Mvua ilikuwa imeharibu barabara na bodaboda iliyomleta kutoka stendi iliteleza njiani mara mbili. Aliingia na tope mpaka magotini, mkoba wake ameukumbatia ndani ya koti. Misa ni saa nne. Alimsogelea dada, akamgusa shavu kwa kidole, akakitazama kidole.

"Nani amempaka hii?"

"Mimi," nikasema. "Na ishenkazi. Ni desturi yetu."

Alijaribu hivyo hivyo. Fondesheni ilikaa kidogo, ikaanza kuteleza. Akaifuta, akajaribu tena, ikateleza. Wanja wa nyusi haukushika kabisa. Nikasema nilete maji na sabuni. Joyness akakataa haraka, sabuni ingemkausha uso ukarudi kuwa ule ule wa Oktoba. Nje gari lilikuwa limeshafika. Ishenkazi anauliza kwa nguvu kuna nini, hakuna anayemjibu. Nilijichukia vibaya sana pale. Nilimtazama dada, nikajua anawaza kitenge chake na mlango wa pembeni.

Dada akasema, "Msiitoe yote."

Tukageuka.

"Hii samli nimeingoja tangu mwaka sabini na saba. Msiitoe yote. Joyness, mwanangu, si ulimwambia Dati ngozi zetu zina kiu? Basi leo imekunywa. Wewe fanya kilichobaki."

Joyness akasimama anamtazama. Akaomba maji ya moto na kitambaa laini, nikakata kipande cha kanga yangu. Akakikamua, akakiweka usoni kwa dada, akakikandamiza bila kusugua, akakitoa, akageuza upande, akakandamiza tena. Alifanya hivyo kwa utulivu ambao mimi nisingeweza, honi inalia nje. Samli iliyokuwa juu ilitoka. Iliyoingia ndani ilibaki.

Kisha akafungua mkoba, akatoa chupa ya fondesheni, akaitazama. Akairudisha.

"Sipaki hii," akasema. "Haihitajiki."

Aligusa madoa mawili tu shavuni. Akajaza nyusi. Akaweka rangi juu ya mifupa ya mashavu kwa kidole chake, na ikayeyuka vizuri ndani ya ile ngozi iliyoshiba. Penseli ya midomo, kisha rangi ya zabibu. Poda kwenye pua, basi. Tulimvisha gauni, tukamtoa barazani kwenye mwanga wa mchana, ule usio mwongo.

Nimekaa hapa natafuta namna ya kueleza. Mikunjo yote ilikuwapo. Madoa karibu yote yalikuwapo. Na alikuwa mzuri, mzuri kabisa, mpaka dereva aliyekuwa anapiga honi akashuka kwenye gari na kuvua kofia. Ishenkazi alimpongeza kwa Kihaya, "Kasinge, waitu," akamshika kidevu. Nimeishi na uso huo tangu nizaliwe na sikujua kwamba una kazi kubwa namna ile ndani yake, jua lote lile, vicheko vyote vile. Nilikuwa nimetaka aufiche.

Kanisani gari lilisimama upande wa mlango wa kwaya, kwa kuwa ndipo pasipokuwa na tope. Dada alishuka. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, hatua chache tu. Alikunja gauni kwa mikono miwili, akalizunguka kanisa lote kwenye tope mpaka mlango mkuu.

Rwekaza alikuwa anamngoja pale na suti ya mwanawe. Alimwona anakuja. Mdomo wake ulianza kujiandaa kwa utani, naufahamu, halafu ukaacha.

"Umepata mgeni?" dada akamuuliza.

Akamwangalia usoni kwa muda, kama anavyomwangalia akirudi nyumbani.

"Hapana," akasema. "Huyu ni wangu. Ila leo siku yake ni nzuri."

Wakaingia. Walipita katikati, taratibu kwa sababu ya goti la Rwekaza, na watu waligeuka benchi baada ya benchi. Sikusikia aliyecheka. Aliyecheka ni dada, katikati ya njia, kuanzia mabegani, baada ya kumwona Joyness amejibanza kwenye nguzo na tope lake anamkagua kwa mbali. Aliapa, akalia, akakumbatiwa na nusu ya parokia. Hakuna kilichopasuka.

Jumapili, 1 Desemba. Muleba

Majilio. Tumekwenda misa ya kwanza. Dada amevaa kitenge cha Pasaka, nyusi amezichora mwenyewe, moja iko juu kidogo kuliko nyingine. Mimi nimepaka midomo. Hatukuambiana kitu.

Alipita benchi lake la nyuma, akakaa na mimi la tatu kutoka mbele. Wakati wa kukomunika ulipofika tuliinuka wote kwenye mstari wetu, nikamwona dada amesimama pale pale, anaangalia huku na huku. Alikuwa anatafuta mahali pa kuacha mkoba.